Nyavu za Samaki Kwenye Zizi la Ng'ombe

Juzi nilikuwa Busia, nyuma ya soko, natafuta mbegu za kunde, nikapita mahali ambapo mwanamke mmoja alikuwa ametandaza nyavu kuukuu anaziuza, za kuzuia kuku wasiingie kwenye mboga. Harufu ikanishika puani: samaki wa zamani, moshi, na kamba iliyolala majini miaka halafu ikakaushwa juani. Nikasimama. Mwenye nyavu akadhani nataka kununua, akaanza kunisifia mali yake. "Mama, hizi ni kali, kuku hata akisoma mpaka chuo hapiti." Nikacheka, na katika kucheka machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, katikati ya njia, wasukuma mikokoteni wananipigia kelele niondoke.

Nyinyi wenzangu ambao meno yamebaki ya kuhesabika kama yangu, mtanielewa. Kuna harufu ikikupata haikuulizi uko wapi wala una wajukuu wangapi. Mimi ilinirudisha Mukuju, kwenye zizi la baba yangu, miaka ile bendera ya uhuru ilipokuwa bado mpya, mwaka aliokuja simba. Wajukuu nikiwaambia simba alikuwa Mukuju wanatazamana. Wao simba wanamjua wa televisheni. Haya, wacheke. Mimi yule simba nina deni naye la shukrani, na leo nataka kulisema.

Nyumbani tulikuwa watu watatu: Papa, yaani baba yangu, Tata, mama yake, maana ndivyo sisi Iteso tunavyomwita bibi, na mimi. Mama yangu alikwisha fariki. Sura yake siikumbuki. Namkumbuka kwa ng'ombe wake, Madoa, mwekundu mwenye madoa meupe kiunoni. Kila aliyenipa kikombe cha maziwa alisema, "Kunywa, Amuge, ni ya mama yako." Basi nikakua nikijua kwamba mama ni kitu kinachotoka kwa ng'ombe asubuhi kikiwa na povu.

Tata alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde wakamsikia. Yeye ndiye aliyeshika mambo ya ukoo. Kila ukoo wa kwetu una mwiko wake, na wa kwetu ni simba. Hatumuui, hatukalii ngozi yake, wala hatumcheki akiwa amekufa. Mke akiolewa kwetu, wanawake wa ukoo humpaka mafuta na kumwingiza katika mwiko huo. Kabla ya kupakwa yeye ni mgeni tu: hakanyagi ndani ya zizi, hagusi kibuyu cha maziwa, na chakula chake anakula jikoni peke yake. Na mkono wa kupaka hayo mafuta, nyumbani kwetu, ulikuwa wa Tata. Yeye asipotaka, hakuna.

Papa alikuwa na desturi ya kupakia karanga kwenye baiskeli kwenda kuziuza Majanji, ziwani, na kurudi na samaki wakavu. Siku moja alirudi na mwanamke amekaa kiti cha nyuma, kifurushi chake magotini, vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Aliitwa Nabwire, Msamia, mtoto wa wavuvi. Kiteso hakujua neno, na Tata hakujua Kisamia, kwa hiyo kilichobaki ni Kiswahili. Cha Nabwire kilikuwa cha kuuzia samaki. Cha Tata alikiokota kwa marehemu babu, aliyekuwa askari, na kilikuwa cha amri tupu. Tata angeweza kumsema Papa kwa Kiteso, lakini alichagua Kiswahili makusudi, ili mgeni asikie vizuri.

"Mimi natuma wewe kuleta samaki kavu," akasema. "Wewe naleta yenye miguu."

Nabwire akapiga magoti kumsalimia. Tata akaitikia huku ameangalia baiskeli.

Wiki ile ile simba akaja. Wa kwanza kupata hasara alikuwa jirani yetu Okoth, Mjapadhola aliyehamia kutoka upande wa Iyolwa, mtu wa maneno machache na mashamba mengi. Mtamba wake alikutwa bondeni ameliwa nusu. Halafu zamu ikawa yetu, dume changa la Papa. Wazee wakasoma nyayo wakaona ni simba jike, na wakaona alivyofanya. Hakuruka uzio. Aliuzunguka tu, taratibu. Ng'ombe wakamwona kupitia kwenye miiba, wakapagawa, wakasukumana, wakauvunja uzio wenyewe na kutoka mbio, na yeye akajichagulia. Ndiyo ule msemo, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Tata akatoa hukumu yake jioni, mbele ya wanawake wa ukoo waliokuja kutupa pole. Nabwire alikuwa mlangoni pa jikoni, anasikia kila neno.

"Tangu mzee wangu nakufa, simba hapana kuja hapa," Tata akasema. "Sasa nakuja mwanamke, nakuja simba. Simba nasema, huyu mimi hapana jua. Basi. Akichukua ng'ombe moja tena kwa zizi hii, mwanamke narudi kwao."

Baba yangu aliweza kupanda kilima na gunia la karanga begani, lakini mbele ya mama yake alikuwa mdogo kuliko mimi. Nabwire akaingia jikoni, nikasikia anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Msimlaumu sana Tata. Kwa watu wetu, mwiko una masikio. Mtu akiletwa nyumbani bila kupakwa mafuta, mwenye mwiko anaweza kuja kuuliza ni nani huyu. Kosa lilikuwa moja tu, na wote walilijua ila hakuna aliyethubutu kulisema: asiyetaka kumpaka mafuta alikuwa ni yeye mwenyewe Tata. Alimzuia mtu mlangoni kisha akamlaumu kwa kusimama mlangoni.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimeshapata jibu kubwa zaidi. Niliona watu wazima wanazunguka tu. Simba hakumfuata Nabwire. Nabwire ndiye alikuwa simba.

Mnacheka, lakini ushahidi ulikuwepo. Yeye na simba walikuja wiki moja. Hakula pamoja nasi, na mimi sikuelewa kwamba ni sisi tuliomkataza. Alikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya mbele, na siku alipofumua nywele zilisimama pande zote. Na kikubwa kuliko vyote: kila jioni, ng'ombe wakiisha kuingia, Nabwire alikwenda nyuma ya zizi, akachutama nje ya uzio mahali pale pale zilipoonekana nyayo, akawatazama ng'ombe kupitia kwenye miiba. Muda mrefu. Sasa mtu wa kawaida anatafuta nini pale?

Nikaamua kufanya uchunguzi. Nikamwaga majivu mlangoni pa jikoni jioni, na asubuhi nikaenda kukagua nyayo. Nikakuta miguu ya binadamu, kidole gumba kimejitenga kidogo. Ala! Nikajiambia, mjanja huyu, ameyaona majivu. Tata akaniuliza kwa nini napoteza majivu ya kuhifadhia kunde. Sikumwambia mtu, kwa hofu kwamba nikisema nitaliwa mimi kabla ya ng'ombe.

Lakini hofu ya Madoa ikawa kubwa kuliko hofu yangu mwenyewe. Madoa alikuwa ndani ya lile zizi. Jioni moja nikachukua mchi wa kutwangia, ambao nilikuwa nauburuza zaidi kuliko kuubeba, nikaenda nyuma ya zizi. Nabwire alikuwa amechutama kama kawaida yake.

"Wewe ni simba?" nikamuuliza.

Akageuka. Akauona mchi, akaniona mimi, akaangalia tena mchi. "Mimi?"

"Sema kweli."

"Simba gani anamenya mihogo, Amuge?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, anajipiga paja, "Wooi mama yangu, mimi simba!" Halafu kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, kilio cha kweli, cha mtu aliyekizuia tangu siku aliyoshuka kwenye baiskeli. Nikauweka mchi chini.

"Nalia tu, usiogope," akasema. "Kwetu jioni naangalia maji. Hapa nikiangalia mbali naona majani. Basi nakuja kuangalia ng'ombe. Wao hawanifukuzi."

Nikachutama karibu naye, si karibu sana. Akajifuta uso na kanga.

"Angalia hapa," akasema. "Unaona nini?"

"Namwona Madoa."

"Yote?"

"Yote. Na macho."

"Na yeye?"

Madoa alikuwa amenyanyua kichwa, masikio mbele. "Ananiona."

"Ehee. Mimi sina ruhusa kuingia, kila siku nakaa hapa nje, ndiyo naona. Simba akikaa hapa, anaona ng'ombe yote. Ng'ombe nayo inaona simba. Inaogopa, inavunja, inatoka. Yeye anangoja tu. Kama haionani?"

Ndivyo ilivyoanza, mwanamke aliyekatazwa zizi na mtoto mwenye mchi wamechutama mahali pa simba. Akanieleza kwamba kwao Majanji viboko hutoka ziwani kuja kula mboga. Hawawezi kuwaua wote, wala viboko hawahami, ziwa ni lao pia. Wanachofanya ni kuzungushia bustani nyavu kuukuu, kuzijaza mafunjo, na kuning'iniza vipande vya mabati. "Kiboko hapendi kitu hajui," akasema. "Anasimama, anafikiri, anarudi kula nyasi yake."

Usiku ule ule alimwambia Papa, na kesho yake Papa akapanda baiskeli kwenda Majanji. Wakati ule nyavu za nailoni zilikuwa zimeingia, na zile za zamani za pamba zilikuwa zimelundikwa ufukweni, hakuna anayezitaka. Ndugu zake Nabwire wakamfungia lundo hilo kwenye baiskeli mpaka baiskeli yenyewe isionekane. Alipopita kwenye maduka ya Mukuju akisukuma, watoto walimfuata wakiimba, "Papa wa Amuge anakwenda kuvua ng'ombe!" Harufu yake ilifika nyumbani kabla yake.

Alimkuta Okoth anamngoja uani na chupa imefungwa kitambaa. Ilikuwa dawa ya josho, ile ya kuulia kupe.

"Nyinyi na mwiko wenu, sawa," Okoth akasema. "Mimi sina mwiko. Mzoga ukipatikana tena, namwaga hii, asubuhi tunakuta simba amelala. Tumemaliza."

"Atalala simba," Papa akasema, "watalala na mbwa. Na mpita njia mwenye kisu je? Wewe unawajua watu wetu, Okoth. Lini umeona nyama ikaachwa njiani?"

Okoth akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, tatizo lake lilikuwa mtamba tu. "Nangoja mpaka nimalize kuvuna wimbi," akasema. "Akichukua mwingine, wa kwangu au wa kwako, usinishike mkono."

Kwa hiyo sasa chupa ya Okoth na safari ya Nabwire vyote vilikuwa vinangoja ng'ombe mmoja tu. Nami, ambaye juzi tu nilitaka aondoke hata kwa kupigwa mchi, nikajikuta naomba Mungu Nabwire asiondoke. Mtoto hana habari ya kuona haya. Alikuwa mtu wa kwanza aliyewahi kuniuliza naona nini, akangoja jibu.

Tukafanya kazi. Papa alikata mafunjo kinamasini, mimi nikayabeba, Nabwire akafunga nyavu juu ya miiba na kuyapitisha mafunjo katika matundu yake, kama mtu anayefuma mkeka uliosimama, kisha akaning'iniza vipande vya mabati. Yote kutoka nje. Tata alikaa kwenye kigoda chake akibangua karanga, hasaidii, lakini haondoki.

"Fundo gani hii?" akauliza siku ya kwanza. "Fundo ya samaki. Ng'ombe iko na nguvu kuliko samaki."

"Ndiyo, mama," Nabwire akasema, akaendelea.

Siku iliyofuata Tata akasogeza kigoda. Siku nyingine akashindwa kuvumilia, akainuka, akalifungua fundo la Nabwire na kufunga lake, lile la kufungia fahali. "Vuta," akamwambia. Nabwire akavuta kwa uzito wake wote. Halikuachia. Nabwire akafunga la kwake la wavuvi pembeni. "Na mama avute." Tata akavuta, akatia mguu kwenye nguzo, akavuta tena. Halikuachia nalo. Wakatazamana. Tata akatema ganda la karanga akasema, "Hm." Toka hapo ukawa mzozo wa mafundo kutwa nzima, na zizi likafungwa mara mbili kila mahali kwa sababu hakuna aliyeamini fundo la mwenzake. Majirani walikuja kucheka. Mmoja akauliza kama tutawapeleka ng'ombe wakaogelee. Wakacheka hivyo mpaka walipochoka.

Sasa ile jioni. Wingu lilikuwa limetokea upande wa ziwa, jeusi, na upepo unatangulia. Papa alikuwa bado njiani kutoka kwenye kinu cha kusaga unga. Tuliwaingiza ng'ombe mapema. Mimi na Tata tulikuwa ndani ya zizi tunafunga ndama. Nabwire yuko nje anakaza kamba. Mara Madoa akapuliza kwa nguvu puani, na ng'ombe wote wakageukia upande mmoja.

Kwenye majani marefu nje kitu kikakohoa. Hivyo tu, kama mtu mzito aliyepaliwa. Tata akanivutia kwenye sketi yake. "Nyamaza," akaniambia kwa Kiteso, na papo hapo akaanza kuwaimbia ng'ombe ule wimbo wa kukamulia, sauti ya chini, kana kwamba ni asubuhi na hakuna lolote. Ng'ombe walitetemeka lakini wakamsikiliza. Hawakuona kitu. Kila walikogeukia waliona mafunjo tu.

Ndipo upepo ukaja wenyewe, ukaingia chini ya wavu karibu na mlango na kuung'oa kwenye nguzo. Pakawa na tundu kubwa. Katika tundu lile nikaona majani yanayumba na mwanga wa mwisho wa jua, halafu nikamwona Nabwire akirukia ncha ya wavu, akaishika kwa mikono miwili na kuivuta chini, akaegemea kwa mgongo wake. Tundu likaziba. Lakini yeye alikuwa nje.

Nilikuwa mtoto, lakini hesabu ile niliielewa. Akiachia, ng'ombe wataona nje, watavunja, mmoja ataliwa, naye atarudishwa kwao. Akishikilia, simba yuko mgongoni kwake. Hakuachia. Niliona vidole vyake tu katika matundu ya wavu, vimekuwa vyeupe.

Tata naye aliviona. Wimbo ukakatika.

"Wewe!" akaita. "Ingia!"

"Mama, mimi hapana ruhusa," sauti ya Nabwire ikajibu kutoka nje. Mungu wangu, mpaka saa ile bado anashika adabu.

"Ingia, nasema! Ruhusa ni mimi!"

Nabwire akapita chini ya wavu kwa tumbo, ncha yake bado mkononi, akatokea ndani ya zizi la ukoo wetu kichwa kimejaa samadi. Tata alishaifikia ncha. Wakaifunga kwenye nguzo pamoja, fundo la wavuvi chini, fundo la fahali juu, mikono inagongana, safari hii bila mzozo. Nje mabati yakalia upande wa nyuma, halafu upande wa kulia, halafu karibu kabisa na tulipokuwa, na nikasikia pumzi. Tata akaanza tena kuimba. Nabwire hakuyajua maneno, lakini akaushika wimbo kwa kuguna tu. Mvua ikaanguka, nzito, ya Mukuju ile mnayoijua, na katika mvua hiyo mabati yakanyamaza. Papa alipofika akilia na kutuita majina, alitukuta wote watatu tumemwegemea Madoa, tumelowa chapa chapa, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetoka.

Kulipokucha mvua ilikuwa imeacha matope laini, na nyayo zilionekana wazi. Alizunguka na kuzunguka, na nyuma ya nyayo zake kulikuwa na nyingine ndogo ndogo, za watoto wake. Okoth alikuja, akainama akatazama zile ndogo kwa muda. Akashika wavu, akautikisa, akaunusa, akakunja uso. "Unanuka vibaya sana," akasema. "Nipe na mimi." Chupa yake aliichimbia shimo akaimwaga mbali na kisima, na Papa akawa mtu wa kupeleka karanga Majanji na kurudi na nyavu mpaka nyumba nyingi za upande wetu zikawa zinanuka ziwa. Yule simba alikaa bondeni msimu ule akila nguruwe pori, akalea watoto wake kama sisi tulivyolelewa, kisha akaondoka nao kuelekea kaskazini. Hatukumuona tena. Hakuna aliyemuua, na hakuna aliyeuawa. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimeona watu wakigombana kwa mpaka wa hatua chache za shamba, na kila mara namkumbuka yule mama wa porini na wale mama wawili wa zizini, waliogawana bonde moja kwa wavu mbovu na majani. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Sisi tulipona kwa wageni wawili.

Lakini nimeruka jambo la asubuhi ile yenyewe, na ndilo lililonitoa machozi nyuma ya soko. Nabwire alikuwa amekanyaga zizi bila kupakwa mafuta. Kwa mwiko wetu hilo si jambo dogo, hata kama umeitwa. Kulipopambazuka nilimkuta jikoni ameshafunga kifurushi chake, ameoga, amevaa lile gauni alilokuja nalo. Anangoja kuambiwa. Hakuwa analia. Alikuwa amechemsha mihogo yetu kabisa ili tusikae na njaa.

Tata akaingia. Akakiona kifurushi. Akakichukua, akakiweka chini, akakikalia.

"Mwanamke nakanyaga zizi kabla ya mafuta," akalalamika, akimwambia mtu asiyekuwepo. "Sasa mimi nafanya nini? Inabidi napaka. Watu hawa natesa mimi mzee." Na bila kuinuka akaniagiza nikawaite wanawake wa ukoo, mbio.

Walikuja na vigelegele vilivyochelewa. Nabwire akakalishwa kwenye ngozi ya ng'ombe mlangoni pa nyumba kubwa. Tata akampaka samli kichwani, usoni, mikononi, hasa mikononi, kidole kimoja kimoja, mahali kamba ilipochubua. Akamwambia mwiko: huyu hutamuua, ngozi yake hutaikalia, akifa hutamcheka. Nabwire akarudia kila neno. Kisha ikafika sehemu ya mwisho, ambapo bibi arusi huwekewa mtoto wa ukoo mapajani. Mtoto alikuwa ameandaliwa, kichanga cha shangazi yangu, kimeogeshwa, kimefungwa kitambaa cheupe. Shangazi akakinyoosha.

Tata akamsukuma kando. Akanishika mkono mimi niliyesimama nyuma ya watu, akanivuta mpaka mbele, akanigeuza na kunikalisha mapajani mwa Nabwire. Wanawake wakaangua kicheko. Jitu zima! Miguu yangu ilifika chini na kuzidi. Nilitaka kuinuka kwa aibu.

"Mama Amuge," Tata akasema, na hakuna aliyewahi kuitwa hivyo mbele yangu, "shika mtoto wako asianguke."

Na Nabwire akanizungushia mikono tumboni, yenye samli, akanishika kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyeamini kweli kwamba ningeanguka.